Somo la Mwezi: Kodi, Shamba na Ndoa Isiyoandikwa

Wako wakulima katika skimu za Taita Taveta walioishi na mwanamke miaka mingi, wakalima naye na kuzaa naye, lakini ndoa haijafungwa. Je, mkulima kama huyo aweza kumtaja mwanamke huyo katika hesabu ya kodi ili apunguziwe?

Jibu ni hili. Punguzo la kodi la mtu binafsi lililowekwa mwaka 2020 ni shilingi 2,400 kwa mwezi. Mwenye mke na asiye na mke hupata sawasawa. Hakuna nyongeza kwa ajili ya mtu unayemtunza. Ndoa huhesabiwa katika punguzo la bima ya maisha au ya afya. Punguzo hilo ni asilimia 15 ya malipo, wala halizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Sheria yataja bima ya mlipa kodi, ya mke au mume wake, na ya mtoto wake. Ukilipa bima ya mkeo shilingi 10,000, kodi hupungua shilingi 1,500. Asiye mke hakutajwa. Usimwandike kuwa mke, maana taarifa ya uongo huleta adhabu.

Lakini jambo kubwa zaidi ni shamba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yakataza kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mke au mume. Asiye na cheti hupata taabu kuidai kinga hiyo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kukaa pamoja huhesabiwa kuwa ndoa kwa nadra tu, na anayedai sehemu ya mali yampasa athibitishe alichochangia.

Basi fuateni Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014:

1. Wote wawili muwe mmetimiza miaka 18, na mkubali kwa hiari.

2. Timizeni mila za ukoo. Mahari kidogo ya ishara yatosha kuthibitisha ndoa; msingoje ng'ombe wote wafike.

3. Mjulisheni Msajili wa Ndoa kabla miezi mitatu haijapita.

4. Ombeni cheti katika miezi sita, nanyi mfike wote wawili.

Tena, mama anunuapo mbegu au mabati, stakabadhi iandikwe kwa jina lake, naye aiweke salama. Mali bila daftari hupotea bila habari.