Benki kutangaza faida haitoshi: angalia namba hizi 3 kabla ya kulaza mtaji wako

Somo la leo ni la wewe unayeuza mtandaoni na hela ya mauzo unailaza benki mpaka siku ya kuagiza mzigo.

Unajuaje benki yako iko vizuri? Wengi tunaangalia matangazo na jengo. Lakini hapa Tanzania benki zinatoa hesabu zao kila robo mwaka, gazetini na kwenye tovuti zao. Kuzisoma ni bure. Shuka mpaka chini kwenye vigezo vya utendaji, tafuta hivi vitatu:

1. Mikopo chechefu. Ni mikopo ambayo wakopaji wameshindwa kurudisha kwa wakati. Chukulia umeuza mzigo wa milioni 1, daftari linasema faida laki 2. Ila laki 3 bado ziko kwa wale wa "nitakutumia jioni dada". Hapo faida iko wapi? Na benki ni hivyo hivyo. Kwenye hesabu mstari huu unaandikwa "Non Performing Loans". BoT inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote.

2. Gharama. Katika kila shilingi 100 inayoingia, ngapi zinaliwa na mishahara, pango na uendeshaji? Kipimo cha BoT ni zisizidi 55.

3. Mtaji wa wenye benki. Hasara ikija, huu ndio unaliwa kwanza kabla ya kugusa amana zako. Ukiona unapungua kila robo, shtuka.

Usihukumu kwa robo moja. Linganisha na robo kama hiyo ya mwaka jana, maana hata wewe hulinganishi mauzo ya Desemba na ya Februari.

Kwa nini ujisumbue? Januari 2018 BoT ilifuta leseni za benki 5 kwa mpigo kwa sababu mtaji wao ulikuwa chini ya kiwango cha sheria. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inalipa mwisho shilingi 1,500,000 kwa mteja. Mwenye zaidi ya hapo, iliyobaki anasubiri mali za benki ziuzwe. Sasa kikomo kimepanda hadi 7,500,000. Kwa hiyo kama una milioni 12 za mzigo kwenye benki moja, milioni 4 na nusu ziko nje ya bima.

Kazi ya wiki hii: tafuta hesabu ya benki yako ya robo iliyopita, andika namba hizo 3 nyuma ya daftari la duka. Robo ijayo andika tena. Zikiharibika mara mbili mfululizo, gawa hela, nyingine ipeleke kwingine. Usisubiri kusikia kwa watu.