Panya Wakiingia Stoo ya Makumbusho: Mafunzo Niliyopata Murang'a

Makusanyo mengi ya huku kwetu yanakaa katika majengo yaliyojengwa kwa kazi nyingine. Makumbusho ya Nyeri yenyewe yamo ndani ya mahakama ya Waafrika ya miaka ya 1920, pale Ruring'u. Stoo niliyofanyia kazi ilikuwa chumba cha mabati kando ya shamba la mahindi, na wapangaji wake wa kweli walikuwa panya.

1. Usishike ufagio. Kinyesi kikavu kikifagiliwa hugeuka vumbi, nawe unalivuta hadi mapafuni. Mkojo nao hubeba vijidudu vya ugonjwa wa leptospirosi, vinavyopenya hata kwenye mchubuko mdogo. Fungua milango, subiri nusu saa nje, kisha vaa glavu na barakoa nzito. Nyunyizia sakafu jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji. Iache iloe, ndipo uokote kwa karatasi.

2. Jiki iishie sakafuni. Ngozi na viondo husafishwa vikavu, kwa brashi laini na mashine ya kufyonza yenye chujio la kunasa vumbi jembamba kabisa.

3. Tambua uchafu upi ni wa panya. Hapa ndipo wengi huharibu. Mavazi ya ngozi ya Wakikuyu wa kale yalipakwa mafuta ya mbarika na udongo mwekundu. Kibuyu hubaki na utando wa uji ndani. Panya huvutwa na masalia hayo hayo tunayoyatunza kama historia. Ukiyaosha pamoja na mkojo, umebaki na kipande cha ngozi kisicho na habari. Taa ya urujuanimno, ile wenye maduka wanayokagulia noti bandia, huufanya mkojo ung'ae gizani. Lakini mafuta mengine hung'aa pia, kwa hiyo piga picha kwanza, andika doa liko wapi, na ukiwa na shaka usiguse.

4. Sumu hapana. Panya hufia ukutani, na mzoga huvuta wadudu ambao viluwiluwi vyao hula ngozi na manyoya. Tega mitego ya kubana kando ya kuta, uikague kila asubuhi. Paka? Huulizwa kila mara. Paka naye hukojoa.

5. Ziba matundu. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6. Shindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha saruji. Na ili makombo yasiwaite tena, chai na maandazi vinywewe na kuliwa nje.

Nanyi mliohifadhi viondo vya nyanya zenu darini, vikagueni mara mahindi yanapovunwa: shamba likiwa tupu, panya huhamia nyumbani.