Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama kwa Samaki

Mwananchi anayefuga samaki wa mapambo nyumbani hana budi kuyaelewa maneno matatu. Amonia ni sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Bakteria waishio katika chujio na changarawe huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati, yenye madhara machache. Tangi jipya huhitaji takribani wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha. Ndiyo maana samaki wengi hufa mapema, ilhali maji yanang'aa.

Basi, anza na samaki wachache, uwape chakula kidogo, na kila wiki ubadilishe robo ya maji. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae wazi saa 24 kabla ya kutumika. Chujio lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini.