Mteja amelewa? Mhudumu ndiye wa kwanza kujua

Mteja anapoagiza chupa mbili kwa mpigo saa 4:30 usiku, mhudumu wa baa mjini Nakuru hashangai. Sheria ya pombe ya mwaka 2010, ambayo watu waliiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, iliweka saa 5 usiku kuwa mwisho wa baa kuuza pombe, na wengi wakazoea kunywa kwa pupa kabla ya saa hiyo. Hapo ndipo kuna hatari. Pombe huweza kuchukua saa moja au zaidi kufikia kilele chake katika damu. Anayeaga akitembea vizuri huenda akaanguka njiani, au akiwa juu ya pikipiki.

Kwa hivyo mhudumu asingoje mteja ayumbe. Dalili za kwanza ni za tabia, si za miguu. Mkimya anapaza sauti. Bahili ananunulia meza nzima. Marafiki wanagombana kwa jambo dogo. Kisha ulimi unakuwa mzito, hadithi ile ile inarudiwa, noti zinahesabiwa mara tatu na bado anakosea. Ukiona hayo, usifungue chupa nyingine. Usimwaibishe mbele ya wenzake: mwite kando, umwambie, "Mzee, hii tukuwekee mpaka kesho." Mpe maji. Kahawa haipunguzi pombe mwilini hata kidogo. Humwondolea usingizi tu, akadhani anaweza kuendesha gari.

Hesabu nayo husaidia. Ini la mtu mzima huhitaji takriban saa 2 kuondoa pombe iliyo katika chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 4.2. Robo ya pombe kali, yaani mililita 250 za asilimia 40, ina pombe ya karibu chupa 5 za bia hiyo. Anayejitetea kwamba amekunywa "robo tu" ameliachia ini kazi ya usiku kucha.

Je, aliyelala mezani? Baa nyingi humtoa nje na kufunga mlango. Hilo ni kosa kubwa, hasa katika mji huu ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, joto la mwili likapotea upesi bila mlevi kuhisi baridi. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asisongwe, na asiachwe peke yake. Asipoamka akitikiswa, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, apelekwe hospitalini mara moja.

Tena si kila anayepepesuka amelewa. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka hutokwa jasho, hutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Aliyepatwa na kiharusi huburura maneno, na uso huenda ukalegea upande mmoja. Muulize mwenzake alikunywa ngapi. Akijibu kwamba ni soda, tafuteni gari.