Shemeji Anataka Injini, Mke Anataka Lori Liuzwe

*Mimi ni mkazi wa Morotonga, hapa Mugumu wilayani Serengeti. Nina Fuso Fighter lenye injini ya 6D16, nililinunua likiwa limeshatumika. Linabeba mchanga, mawe na tofali, na msimu wa mavuno linasomba mahindi kutoka vijijini. Sasa mashine imechoka. Inakula oili mpaka galoni ya lita 5 haimalizi wiki, na moshi ni wa bluu. Asubuhi haiwaki kwa stata, kwa hiyo kila jioni dereva analiegesha kwenye mteremko. Fundi wangu anataka tufanye ovahoo kwa shilingi 5,500,000. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko Dar es Salaam. Anasema nisitupe pesa, nimtumie 11,000,000 aninunulie injini ya Japani pale Gerezani. Mama watoto hataki lolote kati ya hayo. Anasema liuzwe kabla halijatumalizia na ng'ombe. Kuna mtu ametaja 14,000,000 kwa jinsi lilivyo. Kwa tripu moja ya mchanga, nikishatoa dizeli, dereva na utingo, nabaki na 60,000, na kwa wiki napata tripu nne. Nifanye nini?*

*Tajiri Asiye na Raha, Morotonga*

Watu watatu wamempa msomaji huyu majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyeipima injini. Fundi amesikiliza mlio, shemeji amesimuliwa kwa simu, mke ameona pesa zikitoka na hazirudi. Kila mmoja ana hoja. Kinachokosekana ni namba sita, na namba hizo hupatikana kwa kazi ya asubuhi moja.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa plagi. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe, utaratibu ambao Mjerumani Rudolf Diesel aliuonyesha kwa injini yake iliyofanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Ringi na silivu zikilika, hewa huvuja, joto halifiki, na asubuhi ya baridi humuumbua mwenye gari. Kwa hiyo mteremko anaoutafuta dereva kila jioni ni dalili ya kweli, ila haitoshi kutoa hukumu. Betri iliyochoka, stata inayozunguka kwa shida, hewa iliyoingia kwenye mipira ya dizeli au nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, vyote humfanya dereva atafute mteremko.

Moshi wa bluu nao una njia zaidi ya moja. Maana yake ni kwamba oili inaungua, lakini oili hiyo inaweza kupita kwenye ringi, kwenye sili za valvu, au kwenye turbo kama injini hii ni ile ya 6D16 yenye turbo. Injini nzima imeshawahi kushushwa chini kwa kosa la sili ya turbo.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Injini ikishapata moto na kunguruma taratibu, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe, kigeuzwe, kilazwe juu ya tundu lake. Kikitulia hapo, ringi bado zinashika. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mipigo, gesi zinashuka kutoka kwenye silinda hadi kwenye sampu. Kipimo cha pili kinahitaji fundi mwenye geji ya kompresheni: nozeli zote sita zinatolewa, geji inafungwa kwenye tundu moja baada ya jingine, na matokeo ya kila silinda yanaandikwa kwenye karatasi, siyo kwenye kumbukumbu ya fundi. Namba zote sita zikiwa chini ya kiwango cha kitabu cha mtengenezaji, mashine imechoka kweli. Silinda mbili zinazopakana zikianguka peke yake na nne zikabaki nzuri, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, na bili yake haifanani hata kidogo na ile ya ovahoo. Kipimo cha tatu ni presha ya oili injini ikiwa moto. Ikiwa ndogo, huenda beringi za kranki zimelegea, na hilo linabadilisha hesabu zote.

Kuna swali ambalo halimo kabisa kwenye barua: nini kimeichosha injini hii?

Lori linaloshinda kwenye machimbo ya mchanga na barabara za vumbi za Serengeti linavuta hewa chafu mchana kutwa. Fundi alegeze mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kuelekea kwenye injini, kisha apitishe kidole ndani yake. Kidole kikitoka na vumbi, muuaji amepatikana: klipu iliyolegea, mpira uliochanika upande wa chini ambao hakuna anayeuangalia, au chujio lililopulizwa kwa kompresa mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Chembe hizo zikikutana na oili huwa kama msasa kati ya ringi na silivu. Injini ya shilingi 11,000,000 ikifungwa kwenye mpira huohuo uliochanika, itakula vumbi lilelile.

Sasa bei ya fundi. Shilingi 5,500,000 ni za nini hasa? Uzuri wa 6D16, mashine ya silinda sita na ujazo wa karibu lita 7.5, ni kwamba silivu zake hubadilishwa, na vipuri vyake vinapatikana kwa sababu Fuso zimejaa nchini. Ovahoo inayostahili jina hilo ina silivu, pistoni na ringi mpya, beringi za kranki na za koni rodi, gasketi zote, valvu zilizosagwa, silinda hedi iliyopimwa nyufa, nozeli zilizopimwa na pampu ya dizeli iliyokaguliwa. Fundi akiwa na mpango wa kuingiza ringi mpya kwenye silivu iliyolika, msomaji ajue kwamba ananunua miezi michache tu.

Jambo la kuangaliwa kwa jicho la karibu ni kranki. Ikilika, hupelekwa kusagwa, na beringi nene zaidi hununuliwa kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, kisha 1.00. Beringi ya zamani ikitolewa, igeuzwe. Mgongoni mwake mara nyingi pamegongwa saizi. Ikisomeka STD, kranki haijawahi kusagwa na ina maisha mengi mbele yake. Ikisomeka 100, imefika mwisho, na hapo maneno ya shemeji yanaanza kuwa na uzito.

Shemeji hakosei kwa kila kitu. Injini iliyotolewa kwenye lori huko Japani inaweza kuwa nzima kuliko ile ambayo imefunguliwa mara tatu chini ya mwembe, na kuifunga huchukua siku chache, lori likarudi kazini. Tatizo ni kwamba inanunuliwa bila historia. Kilomita zake hakuna anayezijua. Kabla pesa haijatumwa, mtu anayeaminika aende dukani na fundi. Injini iwashwe kama inawezekana. Kama haiwezekani, izungushwe kwa mkono, sampu ifunguliwe na vyuma vitazamwe kutu. Waulize pia kama bei hiyo ni ya injini kamili, yaani pampu, stata, altaneta na turbo kama ipo, au ni bloku na hedi peke yake. Tofauti hiyo ndogo kwenye mazungumzo ya simu inaweza kuwa mamilioni Mugumu. Muda wa kurudisha injini ikikataa uandikwe, na risiti ya EFD itolewe.

Na iwe 6D16 kwa 6D16. Watu wa mpakani Sirari huwa na kishawishi cha kuvuka na kutafuta bei ya Kenya, lakini nchi ile imejaa Isuzu, ambazo zinaunganishwa Nairobi kwenyewe. Injini ya kabila jingine huja na madai yake ya giaboksi, mikono ya kuishikilia, rejeta na nyaya. Wacuba wanalijua hilo kuliko wote. Tangu vikwazo vya Marekani vya mwaka 1962, Chevrolet za miaka ya 1950 zimekuwa zikifungwa injini za dizeli za kila asili mjini Havana, na mafundi wake wamesifika duniani. Lakini walifanya hivyo kwa sababu hapakuwa na gari jingine la kununua. Msomaji wa Morotonga ana mnunuzi mlangoni.

Hapo ndipo mama watoto anapoingia, na safu hii inaona ndiye aliyeuliza swali zito kuliko wote. Kwa hesabu ya barua, ovahoo ya 5,500,000 inarudi kwa tripu 92, sawa na wiki 23. Injini ya 11,000,000 inataka tripu 184, wiki 46, kabla ya kuongeza usafiri kutoka Dar es Salaam na ufundi wa kufunga. Lakini ile 60,000 imetolewa dizeli, dereva na utingo tu. Tairi hazimo. Springi hazimo, wala sevisi, bima na kodi. Tuseme vitu hivyo vinakula nusu, ikabaki 30,000: ovahoo inasogea hadi wiki 46, na injini ya Gerezani inafika tripu 367, wiki 92, mwaka mmoja na miezi tisa. Na hesabu hiyo haijahesabu wiki za masika ambazo lori linalala kwa sababu ya matope.

Bwana na bibi wakae na daftari la miezi mitatu iliyopita. Kama daftari halipo, hilo lenyewe linaeleza kwa nini mke ana wasiwasi, na litengenezwe kabla ya kununua hata nati.

Ushauri wa safu hii ni huu. Pesa isitumwe Dar es Salaam kwa sasa. Injini ipimwe, na siku hiyohiyo giaboksi, difu na chesi vikaguliwe, hasa nyufa kwenye chesi pale springi zinaposhikiliwa. Vikiwa vizima, na kranki ikiwa bado ina saizi za kusaga, ovahoo kamili ndiyo njia, kwa orodha ya vipuri iliyoandikwa na malipo ya fundi kwa awamu. Kranki au bloku ikiwa imekwisha lakini lori lililobaki ni zima, injini ya shemeji inunuliwe kwa masharti yaliyotajwa. Chesi na difu vikiwa navyo vimechoka, au daftari likionyesha kwamba kila tripu inaacha chini ya hiyo 30,000, mwenye 14,000,000 aitwe wiki hii, aonyeshwe moshi bila kufichwa, na mke asikilizwe kuhusu pesa hizo zitakwenda wapi.

Ikiwa injini itabadilishwa, namba yake mpya haitalingana na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA waarifiwe na risiti ya ununuzi itunzwe, kwani trafiki au mnunuzi wa baadaye ataiuliza. Ikiwa ni ovahoo, dereva aambiwe mapema kwamba kilomita 1,000 za mwanzo lori halijazwi mchanga mpaka juu wala injini hailazimishwi mlimani kwa gia kubwa. Baada ya hapo oili yote imwagwe pamoja na chujio lake, kwa sababu itakuwa imebeba unga wa chuma wa ringi mpya zikijikalisha, na mpira wa chujio la hewa upitishwe kidole tena.