Kabla ya rungu, daftari: ulinzi shirikishi unaodumu

Mtaa ukiibiwa mara tatu ndani ya wiki moja, mkutano hujaa. Sauti zinapanda, filimbi zinanunuliwa, marungu yanatolewa uvunguni, na usiku uleule doria inaanza. Miezi miwili baadaye walinzi wamebaki wawili, hakuna anayejua michango imekwenda wapi, na vibaka wamerudi. Ulinzi wa namna hii huuawa na watu wake wenyewe kwa kukosa utaratibu. Haya ndiyo ya kupanga mapema.

1. Jitambulisheni kwanza. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji na polisi kata. Pelekeni orodha ya walinzi yenye majina na picha, kila mmoja akiwa na wadhamini wawili wanaomfahamu. Gizani, kundi lenye marungu lisilojulikana halina tofauti na genge. Kitambulisho na kizibao vinamlinda mlinzi kama vinavyomlinda mpita njia.

2. Tumieni vikundi vilivyopo. Mtaa tayari una kijiwe cha bodaboda, kikoba, kamati ya msikiti, jumuiya ya kanisa na mama lishe. Mpeni kila mmoja kazi anayoiweza. Dereva wa bodaboda anajua nani alishushwa wapi usiku wa manane. Mama lishe anayewasha jiko saa kumi alfajiri humwona anayepita na runinga begani. Mweka hazina wa kikoba amezoea kutunza hesabu; mkabidhini mfuko. Na vijana wanaoshinda kijiweni wapangieni zamu kabla hamjaanza kuwatuhumu.

3. Chunguzeni kabla ya kuzunguka. Kwa wiki mbili andikeni kila tukio: mahali, saa, kilichoibiwa, njia ya kutorokea. Mkiweka matukio hayo kwenye ramani ya mkono, huenda mkakuta mengi yanazunguka pagale moja, kichochoro chenye giza au njia ya kutokea kituo cha daladala. Mwenye pagale aambiwe azibe milango, vichaka vifyekwe, na kila nyumba iwashe taa ya nje. Baada ya hapo doria ipangwe kwa saa zile zenye hatari. Kukesha kila usiku kuanzia saa mbili hadi alfajiri kunawachosha watu bure.

4. Fedha ziwe hadharani. Kiwango cha mchango kipitishwe na mkutano wa mtaa, kila anayelipa apewe stakabadhi, na mapato na matumizi yabandikwe ofisini kila mwezi. Bibi asiye na uwezo asifuatwe mlangoni kwa vitisho. Chai ya walinzi nayo ni mchango. Minong'ono ya pesa ikishaanza, zamu huanza kukosa watu.

5. Kubalianeni mapema mtakavyomfanya mtuhumiwa. Sungusungu walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipambana na wizi wa ng'ombe kwa nguvu ya umoja: yowe likipigwa, kila kaya ilitoka. Lakini baadhi yao walipiga na kuhukumu wenyewe, na hapo mlinzi akageuka mkosaji. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele yake, kisha amfikishe polisi bila kuchelewa. Kumpiga mtu hadi kufa ni mauaji, hata akiwa amekutwa na mali mkononi. Kwa hiyo kila zamu iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutuliza umati, na mwingine wa kupiga 112. Msimvue nguo, msimpige picha za kusambaza.

6. Pimeni kila baada ya miezi mitatu. Rudini kwenye ramani ile na mlinganishe. Wizi ukiwa umehamia mtaa wa jirani, bado hamjamaliza kazi: kaeni na viongozi wake, mpeane namba za simu na mpange zamu zinazokutana mpakani.

Yote haya yanashikwa na daftari moja la kurasa mia. Mlinzi akimaliza zamu saa kumi na moja alfajiri, aandike alichokiona na kuweka sahihi. Kama usiku ulikuwa shwari, aandike "hakuna tukio". Mwaka ukiisha, kurasa zenye maneno hayo mawili ndizo mtakazozisoma mbele ya mkutano mnapoomba mchango wa mwaka unaofuata.