Somo: Serikali Isiyo na Dini, na Mahakama ya Kadhi

Suala: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 8, yasema ya kuwa serikali haina dini. Vipi basi kifungu cha 170 chamthibitisha Kadhi?

Jawabu: Jueni, ndugu zangu, ya kuwa serikali kutokuwa na dini ni kutoinua dini moja juu ya nyengine, si kuwazuia watu kuhukumiana kwa sharia yao wakiridhia. Ahadi ya kumhifadhi Kadhi ilitolewa mwaka 1963, mwambao ulipotiwa katika Kenya. Naye ahukumu mambo manne tu: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena sharti wenye shauri wote wawe Waislamu, na wakubali hukumu yake.

Mwezi wa Mei 2010 Mahakama Kuu ilihukumu ya kuwa Kadhi kutajwa katika katiba ya zamani kwapingana na usawa wa dini. Lakini mwezi wa Agosti raia waliikubali katiba mpya kwa kura, naye Kadhi akabaki.

Basi zingatieni: mahakama hii yasimama kwa ridhaa. Mwenye kumkimbia Kadhi ili amnyime dada yake fungu lake, huyo aibomoa kwa mkono wake mwenyewe; asiilaumu katiba.

Wallahu a'lam.